Ufito Mfupi

Sisi wa Makadara na Jericho twapenda vikubwa. Tulipokwenda na vijana Mlima Kenya, mtoni Thego, kuvua trauti, samaki walioletwa Kenya mwaka 1905, tulichukua ufito mrefu. Kila tulipourusha, mshipi ulinaswa matawini. Mzee mmoja akatuazima ufito mwepesi wa futi 7. Chambo cha manyoya, mfano wa nzi, kikatua majini taratibu, samaki akaja.

Petro alizoea nyavu, lakini kwa kodi ya Hekalu Bwana alimtuma na ndoana, apate samaki mmoja.

Mlango wa pili yuko kijana aliyeacha kuja kanisani. Tusingoje mkutano mkubwa. Jioni hii tubishe hodi, tuseme naye polepole.