Herufi Moja: Karatasi za Kazi kwa Mwenye Uraia wa Nchi Mbili

Hotuba ya mwanachama anayeishi Uingereza, iliyotolewa katika mkutano wetu wa mwaka, Wundanyi

Nimepewa dakika kumi, na mama mweka hazina amekwisha kuitazama saa.

Nimeombwa nieleze karatasi anazohitaji mtu mwenye uraia wa nchi mbili akitaka kufanya kazi nje. Nitaanza na herufi moja tu, H.

Binti ya dada yangu alizaliwa hapa akapewa jina la nyanya yake, Mghoi. Aliyejaza cheti cha kuzaliwa akaandika Mgoi. Nani angejali? Sisi tunajua anaitwa nani. Pasipoti yake ya Kenya ikafuata cheti. Baadaye akapata uraia wa Uingereza, mama yake akairudisha H kwa hati ya kubadili jina ya huko, na pasipoti ya kwanza ya Uingereza ikatoka bila maswali. Akasoma, akahitimu ualimu kama Mghoi.

Kisha akapata kazi ya kufundisha Dubai. Pasipoti ya Uingereza ilikuwa inakaribia kwisha, akaomba mpya. Safari hii akatakiwa kutuma nakala ya kila ukurasa wa pasipoti yake ya Kenya. Wakaona Mgoi. Uingereza inataka mtu awe na jina moja kwenye karatasi zake zote rasmi, hata zile za nchi nyingine, kwa hiyo ombi likasimama. Akasema, basi nitakwenda na ya Kenya. Lakini shahada yake, iliyokwisha pigwa muhuri London na ubalozi wa Falme za Kiarabu, ilisema Mghoi. Mwajiri alingoja wiki tatu, akachukua mtu mwingine.

Marekebisho hayakuanzia London. Yalianzia hapa, kwa msajili wa vizazi, kwa kadi ya kliniki iliyokuwa kwenye sanduku la nyanya yake, na barua ya chifu. Panya wangeila ile kadi, sijui tungefanya nini. Ilichukua miezi minane.

Sasa sheria, kwa haraka. Mimi nilichukua uraia wa Uingereza mwaka 2006, na kwa katiba ya wakati ule nikapoteza wa Kenya siku hiyo hiyo. Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Mkenya wa kuzaliwa hapotezi tena uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine, na sisi tuliokwisha kuupoteza tunaweza kuuomba tena. Lakini haurudi wenyewe! Nina rafiki zangu wanaosema "mimi ni raia wa kote kuwili" na hawajawahi kujaza fomu. Unapeleka Idara ya Uhamiaji ushahidi kwamba ulikuwa Mkenya, yaani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho au pasipoti ya zamani, pamoja na ushahidi wa uraia wako mpya.

Na wewe unayepata uraia wa pili leo, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inakutaka uutangaze kwa serikali ya Kenya ndani ya miezi mitatu. Anayeficha anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Tafadhalini, msiseme hamkuambiwa. (Na anayepanga kurudi kugombea uwakilishi wa wadi ajue kwamba Katiba haimruhusu ofisa wa dola kuwa na uraia wa nchi mbili.)

Kuhusu kazi yenyewe, jueni kila pasipoti inafungua mlango gani. Ukiajiriwa Uingereza, pasipoti ya huko inatosha kuthibitisha haki yako ya kufanya kazi. Ya Kenya peke yake, bila viza, haithibitishi kitu. Lakini ile ya Uingereza haikupi tena kazi Ujerumani au Ufaransa kama zamani, tangu Januari 2021. Huko unaomba kibali kama watu wengine. Kwenye nchi za Ghuba, kibali hufungwa kwenye pasipoti uliyoombea, basi chagua moja na uishikilie mpaka mwisho. Na kama uliwahi kuishi Kenya ukiwa mtu mzima, waajiri wengi, hasa wa shule na hospitali, watataka cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI hata kama una pasipoti nyingine. Unaomba kupitia eCitizen, lakini vidole lazima vichukuliwe.

Narudi nyumbani. Wapo watoto katika shule zetu wasio na cheti cha kuzaliwa, na wapo wenye cheti kilichoandikwa jina visivyo. Mzazi akijua kosa, nauli ya kwenda kwa msajili mara tatu inamshinda, anaacha. Mtoto akiwa darasa la nne, walioshuhudia kuzaliwa kwake wangali hai. Akifika miaka thelathini, tunawatafuta makaburini.

Ndiyo maana tawi letu la Uingereza linaomba sehemu ya mchango wa mwaka huu iende kwenye nauli, nakala na ada za vyeti kwa watoto wa shule zetu, wakianza wale wa darasa la nne. Bahasha imo mwisho wa kijitabu hiki. Andikeni "vyeti" juu yake. Wazee, mchango wenu ni mwingine: mnayajua majina yanavyoandikwa. Baada ya chakula nitakaa pale chini ya mwembe na daftari. Leteni kadi za kliniki, hata zilizochanika.