Kabla ya Kurudishwa: Neno kwa Wenye Jamaa Kanada

Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, na ninyi nyote wapiganiaji haki,

Mmetuomba tunene juu ya wenzetu walionyimwa ukimbizi huko Kanada na kuambiwa wafunge virago. Wengi husema kwamba hapo mambo yamekwisha. La hasha. Sheria ya uhamiaji ya nchi hiyo, iliyoanza kutumika Juni 2002, yampa anayefukuzwa nafasi ya kuomba hatari inayomngoja kwao ipimwe kabla hajapandishwa ndege.

Nafasi yenyewe ni nyembamba. Kwa kawaida aliyekataliwa hungoja miezi 12 ndipo aruhusiwe kuomba, na katika muda huo aweza kuondolewa. Ofisa akimpa fomu, ana siku 15 za kuirudisha, na 15 nyingine za kuleta maelezo na ushahidi. Akiirudisha fomu kwa wakati, hafukuzwi mpaka uamuzi utoke. Akichelewa aweza kuomba bado, lakini ombi hilo halitazuia safari.

Hapa ndipo mnapohusika ninyi. Aliyekwisha kukataliwa harudii maelezo yale yale. Hupokewa ushahidi mpya, yaani uliotokea baadaye, au ule ambao hakuweza kuupata hapo awali. Barua ya kasisi isemayo kwamba fulani ni muumini mwema na nchi yetu ina taabu haina uzito. Yafaa ieleze ni nani waliokuja, tarehe gani, walimwulizia nani kwa jina, na kama mwandishi aliyaona mwenyewe au aliambiwa. Ikiwa ni ya Kiswahili au Kikamba, ifuatane na tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa. Wala asiandike mtu asilolijua, hata kwa huruma: uongo mmoja ukigunduliwa, na yaliyo kweli hayasadikiwi tena.

Hatari nayo iwe yake hasa. Ujambazi unaomkabili kila raia hautoshi, wala uhaba wa dawa hospitalini. Kinachopimwa ni kuonewa kwa ajili ya siasa, dini au kabila, kuteswa, au kuuawa.

Linalotuudhi ni kwamba mpimaji ni ofisa wa uhamiaji, si hakimu, na mara nyingi huamua kwa karatasi bila kumwona mtu usoni. Na hii ni nchi ambayo mahakama yake kuu, katika kesi ya Singh ya mwaka 1985, ilisema kwamba panapobishaniwa ukweli wa mtu, haki yataka asikilizwe kwa mdomo! Akishindwa, hubaki Mahakama ya Shirikisho, nayo sharti kwanza itoe ruhusa ya kusikiliza shauri. Kusimamishwa kwa safari huombwa mbali.

Sisi Wakenya hatuna ugeni na jambo hili. Katika miaka ya 1980 wapinzani wa chama kimoja walipokewa ng'ambo, Koigi wa Wamwere akiwa Norwei.

Wenye barua kutoka kwa jamaa zao wazilete baada ya ibada, pamoja na bahasha, ili tuzitazame tarehe.