Babu zetu hawakuwa bubu

Vijana wenzangu wa Sumbawanga! Na wewe msomaji ambaye hukuwepo nilipoyasema haya, karibu, vuta kiti.

Mimi nimeishia kidato cha nne. Darasani tulikariri Vita vya Maji Maji, kisha tukarukia TANU, 1954. Katikati pale, kimya! Utadhani babu zetu walikuwa wamelala usingizi.

Nani kalala? Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliweka mizigo chini. Vita Kuu ya Pili imekwisha, bei zimepanda, ujira haukidhi. Siku chache baadaye wafanyakazi wa reli nao wakagoma, na mgomo ukaifuata Reli ya Kati hadi bara. Serikali ya mkoloni ikaunda baraza la usuluhishi chini ya Bwana Hatchell, na ujira wa makuli ukapanda. Walalahoi hao, bila bunduki!

Utasema hayo ni ya Dar, sisi wa Ufipa yanatuhusu nini? Ulizia nyumbani: ni wangapi wa ukoo wako waliokwenda kukata mkonge wakaitwa manamba? Ujira duni ulikuwa wao pia.

Sasa sikiliza upande wa pili. Februari 1950 makuli waligoma tena. Safari hii ghasia zikazuka, wakapambana na polisi. Mkoloni akapata kisingizio: chama chao kikafutwa.

Tukapata Uhuru. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito wakaasi, wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Maduka ya Dar yakaporwa, watu wakafa. Kilichofuata je? Viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakawekwa kizuizini, na mwezi Februari shirikisho lao, TFL, likavunjwa. Ikaletwa NUTA, chini ya kivuli cha TANU. Walioasi ni askari, lakini wafanyakazi nao wakalipa!

Kijana unayebeba magunia ya mahindi kwa ujira wa kubahatisha, ukiambiwa eti Mtanzania tangu zamani ni mtu wa kunyamaza, usikubali. Kabla hujanyamaza, kumbuka 1947. Na kabla hujaokota jiwe, kumbuka 1950.