Nani Alipe Nyongeza? Wauza Baga wa California na Wapishi wa Hosteli Yetu

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika mkutano wa mwaka wa kamati za sharika na marafiki wa dayosisi



Kwenye ratiba imeandikwa kwamba nitasoma taarifa ya ziara yetu ya Marekani. Taarifa hiyo mnayo ndani ya makabrasha, na picha zake, kwa hiyo naomba nisiisome. Napenda nitumie nafasi hii kuzungumzia jambo moja ambalo wenyeji wetu hawakulipangia muda, nasi hatukulitarajia, lakini ndilo lililonikosesha usingizi tangu nirudi.

Oktoba 2024 tulikuwa watu watatu katika usharika rafiki huko California. Kila Jumamosi usharika huo hugawa chakula kwa wenye shida. Nilipangiwa kujaza mifuko: maharage, mchele, tambi na nyama ya kopo. Saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imeshazunguka jengo. Katikati ya foleni niliwaona akina mama wawili wamevaa kofia na fulana za mkahawa wa baga, wametoka zamu ya usiku. Nikadhani wamekuja kusaidia kugawa. Nikamwambia kijana aliyekuwa nami awafungulie mlango wa nyuma. Akanitazama kwa aibu, akaniambia kwamba hao nao wamefuata mfuko.

Mtu anayepika chakula usiku kucha, asubuhi anapanga foleni ya chakula. Nilitaka kuelewa linawezekanaje jambo hilo, tena katika jimbo ambalo miezi sita tu kabla lilikuwa limepandisha mshahara wa wafanyakazi hao hao.

Naomba kwanza nieleze sheria yenyewe. Nchini Marekani kima cha chini cha mshahara huhesabiwa kwa saa, si kwa mwezi kama kwetu. Kima cha taifa zima ni dola 7.25 kwa saa, na hakijaguswa tangu Julai 2009. Majimbo yana ruhusa ya kuweka kiwango cha juu zaidi. Mnamo Novemba 2012 wafanyakazi wapatao mia mbili wa mikahawa ya chakula cha haraka jijini New York waliacha kazi kwa siku moja wakidai dola 15 kwa saa na haki ya kuwa na chama chao. Watu waliwacheka. Lakini mwaka 2014 jiji la Seattle likapitisha sheria ya kufikia dola 15, na majimbo kadhaa yakafuata. Hatimaye Septemba 2023 Gavana wa California, Gavin Newsom, alitia saini sheria iitwayo AB 1228. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2024, mikahawa ya chakula cha haraka iliyo katika mitandao yenye matawi 60 au zaidi nchini ilitakiwa kulipa angalau dola 20 kwa saa. Kima cha jimbo kwa kazi nyingine wakati huo kilikuwa dola 16.

Nasikia minong'ono. Naam, dola 20 ni karibu shilingi elfu hamsini, na hiyo ni kwa saa moja. Nami nilipiga hesabu hiyo hiyo, nikajisemea kwamba hawa wana haki gani ya kulalamika. Lakini chumba kimoja na sebule katika jiji kama Los Angeles hupita dola 1,500 kwa mwezi, na bado kuna kodi ya serikali, nauli na matibabu. Hesabu ya kugeuza dola kuwa shilingi hutudanganya kila tunapopokea wageni, na hutudanganya tunapokuwa wageni.

Sasa, mwenyeji wangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu mkarimu sana, ambaye wengi wenu mmemlisha ugali katika nyumba zenu. Ana mikahawa mitatu ya baga. Na katika usharika wake yupo mama mmoja, mzaliwa wa Guatemala, anayesimama kaunta kwenye mkahawa kama hiyo, ingawa si wa mzee wetu. Wote wawili huketi katika ibada moja. Kikundi chao cha kujifunza Biblia kilikuwa kimegawanyika juu ya sheria hii hata wakakubaliana wasiitaje tena. Kwa kuwa mimi nilikuwa mgeni, kila mmoja aliniambia upande wake kwa uhuru.

Mzee alinionyesha vitabu vyake vya hesabu. Wengi wetu tunadhani mikahawa yote yenye nembo moja ni mali ya kampuni moja. Sivyo. Mingi ni ya watu binafsi kama yeye, waliokodi jina, mapishi na nembo. Kila mwezi kampuni hukata asilimia fulani ya mauzo yake, pamoja na mchango wa matangazo. Sikilizeni vizuri neno hilo: ya mauzo, si ya faida. Mishahara ikipanda naye akapandisha bei ya baga, mauzo kwa dola yanaongezeka, na kampuni inapata zaidi. Nyongeza ya mshahara inabaki mezani kwake na kwa mteja wake. Muswada wa mwanzo ulitaka kampuni kubwa nazo ziwajibike pamoja na wamiliki wadogo endapo wafanyakazi wakidhulumiwa. Kipengele hicho kiliondolewa katika makubaliano ya mwaka 2023, na kampuni nazo zikakubali kuondoa kura ya maoni waliyokuwa wameitisha kupinga sheria ya awali. Mzee wetu alisema kwa uchungu kwamba waliofanya mapatano walikuwa wakubwa na wakubwa. Katika hilo namwunga mkono kabisa.

Alilalamika pia kwamba mishahara mikubwa ndiyo italeta mashine za kuagizia chakula badala ya watu. Hapo sikukubaliana naye. Tulipopita uwanja wa ndege wa Dallas, jimbo la Texas, ambako bado hulipwa kima cha dola 7.25, mashine hizo hizo zilikuwepo.

Yule mama wa Guatemala naye alinionyesha karatasi zake za mshahara. Kabla ya Aprili alikuwa akilipwa dola 16, akifanya saa 32 kwa wiki. Jumla ni dola 512. Baada ya Aprili alilipwa dola 20, lakini meneja akampangia saa 25. Jumla ni dola 500. Kwa hiyo baada ya nyongeza iliyotangazwa dunia nzima, mfuko wake ulipungua dola 12 kwa wiki. Kama angebakiziwa hata saa 28 angepata dola 560, na angefurahi. Nilimwuliza kama zile saa saba alizopumzika si faida pia. Alicheka. Ratiba ya zamu humfikia kwa simu siku ya Ijumaa jioni, na wiki ya kazi inaanza Jumapili. Hawezi kuahidi kazi ya pili mahali pengine, wala hawezi kumwahidi mwalimu wa mtoto wake kwamba Jumanne atafika shuleni. Saa zile si za kwake wala si za kazi.

Ndipo nikaelewa foleni ya Jumamosi. Sheria ilishika bei ya saa, lakini idadi ya saa ikabaki mkononi mwa meneja. Jiji la New York liliona pengo hilo mapema. Tangu Novemba 2017 mikahawa ya chakula cha haraka ya jiji hilo inatakiwa kutoa ratiba siku 14 kabla, na kumlipa fidia mfanyakazi ratiba ikibadilishwa. Kwa mtazamo wangu, sheria ya ratiba ni nusu ya pili ya sheria ya mshahara.

Mtaniuliza, je, wataalamu wanasemaje? Wanabishana, kama sisi. Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi 5.05, na jirani yake Pennsylvania halikupandisha. Wachumi David Card na Alan Krueger walichunguza mikahawa 410 ya pande zote mbili, wakakuta kwamba ajira New Jersey hazikupungua. Vitabu vingi vya uchumi vilikuwa vinafundisha kinyume chake. Nakumbuka mhadhiri wetu chuoni akiichora mistari ile miwili ubaoni bila shaka yoyote. Wachumi wengine, David Neumark na William Wascher, walitumia kumbukumbu za mishahara na kupata jibu tofauti. Card alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, lakini ugomvi haukuisha. Kuhusu California vilevile: watafiti wa Chuo Kikuu cha Berkeley, wakiongozwa na Michael Reich, waliona bei zimepanda kwa takribani asilimia 3.7, yaani kama senti 15 kwa baga ya dola 4, na kazi hazikupungua. Mwaka 2025 wachumi wengine wakakadiria kwamba jimbo lilikuwa na kazi za mikahawa hiyo pungufu kwa takribani 18,000 kuliko ambazo zingekuwepo bila sheria, kati ya wafanyakazi wanaokaribia nusu milioni au zaidi. Tofauti yao inatokana kwa sehemu kubwa na takwimu walizotumia na majimbo waliyoyalinganisha na California.

Kwa hiyo nami nisijifanye hakimu. Ila nina msimamo. Hata tukichukua lile kadirio baya, wengi walibaki kazini kwa mshahara mkubwa zaidi wa saa, na mteja akaongeza senti chache. Na kabla ya nyongeza, gharama ya mshahara mdogo haikuwa bure. Mwaka 2013 watafiti wa Berkeley walikuta kwamba asilimia 52 ya familia za wafanyakazi wa mstari wa mbele katika mikahawa hiyo zilikuwa zikipokea msaada wa serikali wa namna moja au nyingine. Baga ya bei rahisi ililipiwa na mlipa kodi. Na pale nilipokuwa nikijaza mifuko, ililipiwa na usharika rafiki, kutoka sadaka ile ile inayotuletea sisi fedha za visima na za hosteli.

Nimefika kwenye neno hosteli, na sasa naomba mnivumilie, maana nageukia nyumba yetu wenyewe.

Tunayo hosteli ya dayosisi. Wengi wenu mmelala hapo jana. Jikoni na usafi kuna watu tisa, saba kati yao akina mama. Wanaingia saa kumi na moja alfajiri. Katika bajeti ya mradi, ambayo mimi mwenyewe niliiandika mwaka 2021 na kuipeleka kwa wafadhili, hawaitwi wafanyakazi. Wanaitwa watu wa kujitolea, na wanalipwa posho ya shilingi 90,000 kwa mwezi. Niliandika hivyo kwa sababu kifungu cha mishahara kilikuwa kimejaa na kifungu cha posho kilikuwa na nafasi. Wafadhili hawakuuliza. Mkaguzi hakuuliza. Amri ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi ikatoka na kuanza kutumika Januari 2023. Ikaja nyingine iliyoanza tarehe 1 Januari 2026, iliyopandisha wastani wa kima hicho kwa asilimia 33.4. Zote mbili zimepita juu ya vichwa vya watu wetu tisa, kwa sababu ya neno moja nililolichagua mimi.

Nilirudi kutoka California nikiwa nimekasirishwa na meneja anayepunguza saa. Asubuhi ya kwanza nilikunywa chai hosteli. Mama aliyeniletea chapati alikuwa na miaka sita pale, na siku hiyo alikuwa anaomba mkopo wa shilingi 20,000 za daftari za mtoto. Nilimpa. Nikakumbuka mfuko wa maharage.

Sasa hesabu. Kuwalipa watu tisa kima halali, pamoja na mchango wa NSSF, kutatuongezea zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwezi. Mhasibu na mimi tumetafuta njia tatu. Kwanza ni kuomba wafadhili waongeze, na hilo sipendi lianze, kwa kuwa hosteli ni mradi wa kujitegemea na ndivyo tulivyoahidi. Pili ni kupunguza watu hadi sita. Naomba tusifanye hivyo. Tutakuwa tumerudia yale ya zile saa 25. Tatu ni kupandisha bei ya chumba kutoka shilingi 15,000 hadi 18,000. Tunauza wastani wa vyumba 400 kwa mwezi, kwa hiyo itatosha, ikiwa wageni hawatapungua.

Mhasibu ananitahadharisha kwamba watapungua. Semina za vijana na kwaya zinaangalia kila mia, na nyumba ya wageni ya jirani ni shilingi 14,000. Huenda ana haki. Wanaolala hosteli kwa wingi ni ninyi wenyewe, kamati za sharika, kwa hiyo jibu la swali hilo liko katika ukumbi huu kuliko katika vitabu vyake.

Pendekezo liko kwenye kabrasha lenu, ukurasa wa mwisho, nyuma ya picha za ziara. Lina vipengele vitatu: mikataba ya maandishi kwa wote tisa, ratiba ya zamu kubandikwa wiki mbili kabla, na bei mpya ya chumba kuanzia tarehe 1 Julai. Nimewaomba wawili kati ya wale tisa waje kuketi nasi wakati wa mjadala. Wapo pale nyuma karibu na mlango. Mwenyekiti, nakurudishia kikao.