Hesabu ya Makosa

Jioni hii napenda tuzungumze habari ya hesabu. Si hesabu ya nazi wala ya mbata, bali hesabu ya makosa.

Mtu wa Bagamoyo akiibiwa nyavu zake huenda kituoni. Askari huandika maneno yake kitabuni, naye hupewa namba iitwayo RB. Namba hiyo ndiyo mbegu. Hesabu za vituo hupelekwa wilayani, za wilaya mkoani, na za mikoa makao makuu, ambako hujumlishwa zikawa hesabu ya nchi nzima.

Desturi hii ina umri. Ufaransa ilipiga chapa hesabu zilizotoka mahakamani mwaka 1827; Uingereza ilianza kukusanya za polisi mwaka 1857; Marekani mwaka 1930. Katika Tanganyika jeshi la polisi liliundwa mwaka 1919, na mkuu wake akawa akitoa taarifa kila mwaka.

Lakini hesabu ile ilikuwa na tundu. Polisi walikaa zaidi mijini. Mtu wa shamba, kando ya mto Wami, akiibiwa mbuzi alikwenda kwa jumbe wake, na shauri likakatwa barazani, si kituoni. Basi aliyesoma taarifa ya polisi angaliweza kudhani kwamba mji una wezi na shamba halina. Kumbe mji ulikuwa na askari mwenye kalamu. Tena mwaka 1930 sheria ya jinai iliyotoka Bara Hindi iliondolewa, ikawekwa nyingine. Na makosa yakipangwa upya, kulinganisha mwaka na mwaka hutaka uangalifu.

Siku hizi Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu wamepata kutoa taarifa hizo pamoja. Hata hivyo kalamu haiandiki lisilosemwa. Hesabu ikipanda, si lazima uovu umezidi. Huenda watu wamepata imani na kituo. Ikishuka, si lazima amani imekuja. Huenda watu wamenyamaza. Na kijiji kinachonyamaza huhesabiwa kuwa kimetulia, nacho kikiomba askari, kitaonyesha nini?

Basi, ndugu zangu, ukipatwa na jambo usiseme, "Yamekwisha." Nenda ukaseme, wala usiondoke bila namba yako.