Kuutambua Ukali wa Pumu



Vumbi la Voi wakati wa kiangazi, na baridi ya ukungu katika Milima ya Taita, huweza kuamsha pumu. Basi yafaa kila nyumba ijue kuupima ukali wake.

Mgonjwa na aulizwe neno. Akijibu kwa sentensi nzima, pumu haijawa kali sana. Akikatiza kila baada ya maneno machache ili avute pumzi, hali ni mbaya.

Mlio wa kifua ukinyamaza, naye amelegea, midomo na ulimi vikawa buluu, asidhaniwe amepona: hewa yapita kidogo mno. Aketishwe wima, avute dawa yake ya pampu, na kupelekwa mara moja hospitali iliyo karibu, Voi, Wesu au Taveta. Kungoja kupambazuke kwaweza kumwua.