Mtetemo Baada ya Kushusha Gari: Ulizeni Unatokea Lini Kabla ya Kununua Kipuri

Ndugu walaji,

Neno hilo huwachekesha wengi. Katika lugha ya sheria mlaji ni yeyote anayenunua bidhaa au huduma kwa matumizi yake mwenyewe, hata kama alichonunua hakiliki. Leo tunazungumza na walaji walionunua huduma ya kushusha gari, yaani kulipunguzia kimo kwa kubadilisha springi na shokapu, kisha gari likaanza kutetema.

Hatukuja kuhukumu mapenzi ya mtu kwa gari lake. Kinachotuhusu ni fedha zinazotoka mfukoni baada ya mtetemo kuanza. Fundi wa kwanza hubalansi magurudumu. Tatizo likibaki, wa pili hupendekeza tairi mpya, wa tatu beringi, wa nne propela nzima ya mtumba. Mwenye gari anaweza kulipa kuliko bei ya springi zenyewe, na gari bado linatetema. Si lazima yeyote kati ya mafundi hao awe tapeli. Kila mmoja alitibu kwa mazoea, na hakuna aliyeuliza mtetemo unatokea lini.

Swali hilo hujibiwa barabarani, si juu ya jeki. Tafuteni barabara iliyonyooka, isiyo na msongamano, na mwenzenu akae pembeni na karatasi, dereva asiandike. Andikeni mtetemo unaanza katika mwendo gani na unakoma katika mwendo gani. Katika mwendo huohuo, dereva aondoe mguu polepole kwenye kanyagio la mafuta. Mtetemo ukitoweka papo hapo na kurudi akikanyaga tena, chanzo kinaelekea kuwa katika vyombo vinavyobeba nguvu ya injini kwenda kwenye magurudumu. Kisha aendeshe kwa mwendo uleule katika gia nyingine, ili injini izunguke kwa kasi tofauti. Mtetemo usipobadilika, injini haihusiki. Mwisho, gari likiwa limesimama, breki ya mkono imevutwa na gia iko huru, injini ipandishwe hadi mzunguko uliokuwapo barabarani. Kama gari linatetema hata hapo, waanze kuangalia mipira inayoshikilia injini na kuacha magurudumu kwanza. Mtetemo unaokuja wakati wa kufunga breki pekee ni habari ya diski za breki, na hauingii katika mazungumzo haya.

Namna mtetemo unavyohisiwa nayo ni ushahidi, na hesabu yake ni nyepesi. Tairi la gari dogo lina mzingo wa karibu mita 2. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, huzunguka takriban mara 11 kwa sekunde. Tairi lisilo na balansi, basi, hutikisa gari mara 11 kwa sekunde, na mikono huuhisi mdundo huo kwenye usukani. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, propela, yaani mhimili mrefu unaotoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu, huzunguka karibu mara 4 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Hizo ni mara 44 kwa sekunde. Propela iliyopoteza balansi hutetema mara moja katika kila mzunguko wake. Krosi, kile kiungo chenye umbo la msalaba kilicho kwenye ncha za propela, ikikaa kwa pembe mbaya hutetemesha mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 88 kwa sekunde. Hapo mkono hauwezi tena kuhesabu. Sikio husikia mvumo na sakafu huwasha nyayo. Mteja anayesema kuwa sakafu inavuma, kisha akauziwa balansi ya tairi, ana haki ya kuuliza vitu hivyo viwili vinahusiana vipi.

Sasa tuje kwenye aina ya gari, kwa sababu hapa ndipo walaji wengi hupotezwa. Katika pikapu kama Toyota Hilux, difu imo ndani ya ekseli ya nyuma, na ekseli hiyo hupanda na kushuka pamoja na magurudumu. Mkishusha sehemu ya nyuma, pembe ya propela hubadilika, na wakati mwingine ekseli yenyewe huinama mbele au nyuma. Krosi ya mbele na ya nyuma zimewekwa ili kila moja ifute tatizo la mwenzake, na hilo huwezekana tu pembe zao zikilingana. Mafundi makini huzipima na kutaka tofauti isizidi digrii 1, tena kila pembe ibaki ndogo, kwa kawaida isiyozidi digrii 3. Kipimo hicho ni cha bei ndogo, na hata simu nyingi za kisasa zinaweza kupima mwinamo. Pembe zikiwa zimeharibika, dawa mara nyingi ni kabari za chuma kati ya ekseli na springi. Propela mpya ikifungwa katika pembe zilezile itavuma vilevile.

Gari kama Toyota Mark X ni tofauti kabisa. Difu yake imefungwa chini ya bodi, wala haipandi na kushuka na magurudumu. Gari likishushwa, giaboksi na difu hushuka pamoja na bodi, na pembe ya propela hubaki ilivyokuwa. Fundi akisema kuwa propela imepata pembe mbaya kwa sababu ya springi fupi, mwombeni awaonyeshe vipimo kabla ya kulipa. La maana zaidi ni kuuliza kama siku ya kazi propela ilifunguliwa, au kama boliti zinazoshikilia fremu ya difu zililegezwa. Kinachobadilika pembe katika gari la namna hii ni shafti fupi zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye magurudumu.

Magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama Toyota IST na Vitz, hayana propela hata kidogo, isipokuwa yale yanayoendeshwa kwa magurudumu manne. Haya hutikisika wakati wa kuongeza mwendo, na mshukiwa ni kiungo cha ndani cha shafti, karibu na giaboksi. Ndani yake mna magurudumu madogo yanayoteleza katika mifereji ya chuma. Katika gari la mtumba, mifereji hiyo huwa imelika mahali pamoja kwa miaka mingi. Gari likishushwa, kiungo huanza kufanya kazi mahali pengine, kwenye ukingo wa sehemu iliyolika. Je, hapo alaumiwe fundi au uzee wa gari? Mara nyingi vyote viwili vinahusika, na hatutawadanganya kuwa kuna jibu jepesi.

Yapo pia makosa ya siku ya kazi. Boliti za mikono ya chini zenye bushi za mpira zinapaswa kukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hubaki umejipinda, hupitisha mitetemo na huchanika mapema. Wengine hushusha gari na kubadilisha ringi siku hiyohiyo, na tundu la katikati la ringi likawa kubwa kuliko habu. Anzieni hapo: rudisheni ringi za zamani na mwendeshe tena, kwani jaribio hilo linagharimu karibu bure. Alaimenti nayo ifanywe mara baada ya kushusha, la sivyo tairi hulika upande wa ndani na kuzaa mtetemo wake lenyewe. Kuhusu kukata springi kwa msumeno, ushauri wetu ni mfupi: kataeni. Springi iliyokatwa inaweza kutoka mahali pake gurudumu likining'inia.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamtaka anayemuuzia mlaji huduma aitoe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Ili sheria hiyo iwafae, mnahitaji ushahidi. Kabla ya kazi kuanza, endesheni gari pamoja na fundi, na muandike kwenye karatasi ya kazi kuwa halikuwa na mtetemo. Daini risiti inayotaja kila kilichobadilishwa. Ondokeni na springi zenu za awali, maana ni mali yenu, na kuzirudisha ndilo jaribio lenye nguvu kuliko yote: mtetemo ukiisha, kushushwa ndiko kulikoudhihirisha, ukibaki, kuna kitu kilichochokozwa au kuchoka. Kisha rudini kwa gereji ileile kwanza, mkiwa na yale maandishi ya barabarani, na muombe majibu kwa maandishi. Mkikataliwa, leteni malalamiko yenu ofisini kwetu pamoja na karatasi hizo zote. Kipuri kilichotolewa msikitupe, nacho kileteni.

Sasa tunapokea maswali.